Je, Adabu Yaweza Kuajiriwa?

Meli kubwa za watalii hutia nanga Mombasa na Unguja, na watu wa pwani huzitazama kutoka ufukoni kama mji unaoelea. Katika baadhi ya meli za namna hiyo, zizungukazo bahari za dunia, iko kazi moja ambayo tukiitaja mbele ya wazee wetu wengine watacheka na wengine watatikisa kichwa. Ni kazi ya mwanamume kucheza dansi na akina mama waliosafiri bila mwenzi. Katika lugha ya wenyewe watu hao huitwa waungwana wenyeji. Sisi, kwa ufupi, tutawaita mabwana wa dansi. Twapenda kuitafakari kazi hii, maana ndani yake limo swali linalogusa hata nyumba ambazo hazijapata kusikia muziki wa walsi: je, wema utendwao kwa kuamriwa ni wema bado, au ni unafiki uliovaa tai?

Kwanza tuieleze kazi yenyewe, tusije tukaihukumu kwa uvumi. Desturi hii ilienea katika miaka ya 1980, wenye meli walipotambua jambo ambalo kila parokia yalijua: wanawake huishi kuliko wanaume, duniani kote kwa wastani wa miaka 5 hivi. Kwa hiyo katika safari ndefu wazee wasafirio peke yao huwa zaidi ni wanawake. Bendi yapiga, sakafu yang'aa, na akina mama waliojifunza kucheza enzi za ujana wao wamekaa kando na mikoba yao mapajani, wakitazama wachache wenye waume. Basi kampuni zikatafuta wanaume wa makamo na wazee, kwa kawaida tangu miaka 45 hivi hadi kupita 65, wasio na wake, wengi wao wastaafu na wajane, wajuao walsi, foksitroti, rumba na chachacha.

Watu hao si matajiri walioalikwa, wala si mabaharia. Katika meli kama Queen Mary 2, iliyoanza safari zake mwaka 2004 na yenye ukumbi mkubwa wa dansi uitwao Queens Room, bwana wa dansi hufika jioni amevaa suti nyeusi na kucheza kwa saa nyingi hadi usiku. Mchana, meli ikiwa katikati ya bahari, husaidia katika darasa la dansi. Mezani huzungumza na abiria. Nchi kavu huwasindikiza. Mshahara kwa kawaida hapati. Apata safari, chakula na kitanda, mara nyingi katika chumba cha kushiriki na mwenzake, na wengine hulazimika hata kumlipa wakala ada kidogo kwa kila siku ya safari.

Juu ya hayo ziko sheria, nazo ni kali. Haruhusiwi kuingia katika chumba cha abiria. Haruhusiwi kufanya mapenzi na abiria, hata kama wote wawili hawana ndoa. Na haruhusiwi kumpendelea mama mmoja: yampasa azunguke ukumbi mzima, acheze na huyu, kisha na yule, tena na yule mwingine. Avunjaye sheria hizo aweza kuteremshwa katika bandari ifuatayo na kutafuta mwenyewe njia ya kurudi kwao.

Wako watakaouliza hii ni kazi gani kwa mtu mzima. Kwao hatuna jibu refu. Mpishi hupika ili watu wale, mpiga zeze hupiga ili wasikie, na mguu hauna aibu zaidi ya mkono. Lakini liko shitaka zito zaidi, nalo lastahili kusikilizwa. Husemwa: urafiki hauuzwi. Mwenye kutabasamu kwa sababu ya mapatano adanganya kwa uso wake, hata kama mdomo wake haukusema uongo. Na yule mama, akijua kwamba mtu huyu ametumwa kwake, atafurahije?

Kazi hii ina babu zake, na yafaa tuwatazame. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo viliwaua vijana wa Ulaya kwa mamilioni, hoteli za Berlin ziliwaajiri wanaume wa kucheza na wageni wanawake. Mmoja wao mwaka 1926, katika Hoteli Eden, alikuwa Billy Wilder, ambaye baadaye alikuwa mwongozaji mashuhuri wa filamu huko Marekani. Naye mwaka 1927 aliandika gazetini habari za kazi hiyo. Huko Marekani mambo yaligeuka: katika miaka ya 1920 na 1930 wanawake vijana ndio walioajiriwa, na mwanamume alinunua tikiti ya senti 10 kwa dansi moja, nusu yake ikiwa ya msichana. Mtaalamu Paul Cressey alizichunguza kumbi hizo za Chicago na kutoa kitabu juu yake mwaka 1932. Wanunuzi wa tikiti walikuwa mara nyingi wapweke, miongoni mwao wahamiaji kutoka Ufilipino ambao kwingineko walifungiwa mlango.

Katika ukumbi wa tikiti, fedha ndiyo iliyoongoza miguu. Mwenye tikiti nyingi aliendewa kwa tabasamu pana, na mwenye tikiti moja alipata dansi moja, basi. Bwana wa dansi wa melini hahesabiwi hivyo. Mama aliyelipia chumba cha juu chenye dirisha kubwa na mama aliyelipia chumba kidogo cha ndani wana haki sawa kwake, na hapati senti zaidi kwa kucheza na huyu kuliko yule.

Na hapa twafikia jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha shauri lote. Tufikirie ukumbi ambamo kila mwanamume ni huru kabisa kumchagua amtakaye. Aliye mzuri ataombwa kwanza. Ajuaye kucheza vema ataombwa wa pili. Mcheshi ataombwa wa tatu. Lakini mama mwenye magoti mabovu, asiyesikia vizuri, mwenye kukanyaga viatu vya mwenzake na kurudia hadithi ileile ya marehemu mumewe, hataombwa leo, wala kesho, wala siku ya mwisho ya safari. Na tazameni jinsi jambo lilivyo la ajabu: hakuna aliyemdhulumu. Kila mmoja alifuata moyo wake, na moyo haukosi kisingizio. Yule mama hana wa kumshitaki. Atarudi chumbani mapema akisema amechoka.

Sasa ingizeni sheria ya meli. Yuko mtu ambaye angependa, kama angeachiwa, kucheza usiku kucha na yule ajuaye rumba. Sheria yamwambia: hapana, nenda kule pembeni. Naye aenda, ainama kidogo, anyoosha mkono, amwomba yule mama dansi kama ombavyo mtu aombaye heshima, na aisikiliza ile hadithi kwa mara ya nne. Hajavutwa na chochote ila wajibu. Lakini wajibu huo umempa yule mama kitu ambacho ukumbi mzima wa watu huru haukumpa. Sisi hatuthubutu kukiita kitu hicho uongo.

Mtasema, lakini hakumpenda. Ni kweli, hakumpenda kwa pendo la kuchagua. Aristotle, Myunani wa kale, aliliona jambo hili. Katika kitabu chake cha maadili ametaja fadhila moja ambayo, asema, haina jina: yafanana na urafiki, ila haina ule mvuto wa moyo. Mwenye fadhila hiyo hutenda vizuri na awajuao na asiowajua, kila mmoja kwa namna imfaayo, kwa sababu yeye ni mtu wa namna hiyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliichukua fadhila hiyo akaiweka mahali ambapo wengi hawangetazamia. Hakuiweka katika mapambo ya tabia. Aliiweka upande wa haki. Uso mkunjufu, asema, ni namna ya deni. Hakuna hakimu atakayekudai, lakini uungwana wakudai, maana kama vile watu hawawezi kuishi pamoja bila ukweli, vivyo hivyo hawawezi kuishi pamoja bila furaha.

Tena Tomaso alijiuliza swali lilelile letu: je, kumwonyesha mtu dalili za urafiki bila kumpenda kwa namna ya pekee si kujisingizia? Akajibu kwamba yako mapendo ya jumla ambayo kila binadamu ni rafiki wa kila binadamu kwa asili, na dalili za mapendo hayo si uongo, mradi mtu asimwonyeshe mgeni ule ukaribu wa ndani ampao rafiki wa kweli. Hata wachekeshaji, ambao siku zile wengi waliwadharau, aliwatetea: kazi ya kuuliwaza moyo wa binadamu, ikifanywa kwa kiasi, haina ubaya ndani yake.

Twaomba msomaji aishike ile sehemu ya ukaribu wa ndani. Hapo ndipo zile sheria za meli, ambazo mwanzoni zilionekana kama ukali wa kampuni iogopayo kushitakiwa (na bila shaka kampuni yaogopa), zapata maana nyingine. Bwana wa dansi akikatazwa kumpendelea mmoja, kila mama ajua kwamba lile tabasamu si ahadi. Ni adabu tu, nayo yasema wazi kwamba ni adabu. Siku atakapomnong'oneza mmoja kwamba yeye si kama wengine, siku hiyo ndipo uongo utakapoanza, hata kama wakati wa kusema amesadiki nusu ya maneno yake. Mwaka 1997 Wamarekani walitoa filamu ya kuchekesha juu ya kazi hii, Out to Sea, wakiwamo Jack Lemmon na Walter Matthau, na mzaha wake mwingi watokana na mtu aliyepanda meli kwa nia ya kutafuta tajiri. Watazamaji walicheka kwa kuwa wote waliijua sheria aliyokuwa akiivunja.

Pwani yetu yaijua hali isiyo na sheria hiyo, wala hapo hakuna kicheko. Yupo kijana ashindaye ufukoni akimngoja mgeni mwanamke mwenye umri wa mama yake, amwimbie maneno ya mapenzi, kisha baada ya wiki ataje karo ya mdogo wake na ugonjwa nyumbani. Hatusemi umaskini wake ni wa kubuni. Mara nyingi ni wa kweli kabisa, na wako wageni wajao kwa makusudi ya kuununua. Lakini kilichouzwa pale ni ahadi, na ahadi haina bei isiyoumiza. Yule mzee wa melini ametoa kidogo kuliko kijana huyu, naye amekitoa chote alichosema atatoa.

Kuhusu yule mama kujua kwamba ametumiwa mtu, sisi twadhani watu wazima wana akili kuliko tuwadhaniavyo. Mgonjwa ajua kwamba muuguzi yu zamuni, na bado mkono wenye upole ni tofauti na mkono mkavu. Mjane wa miaka 75 hakupanda meli akidhani atapata mume katika rumba ya pili. Ataka kusimama tena katikati ya sakafu, ashikwe mkono kwa heshima, ajue miguu yake bado yakumbuka. Na tusisahau kwamba mbele yake huenda amesimama mjane vilevile, ambaye nyumba yake imekuwa kimya, naye jioni apata sababu ya kunyoa ndevu na kupiga viatu rangi.

Kuna ubaya mmoja tusioweza kuufunika: huduma hii hupatikana kwa wenye nauli. Mama asiye na fedha, asiyejua hata meli hizo zaenda wapi, ni nani atakayeamriwa kumwendea?

Tuangalie harusi zetu. Nyanya huletwa kwa gari, huwekwa kiti cha mbele, hupewa soda na sahani ya pilau kabla ya wengine, hupigwa picha na maharusi. Kisha muziki wafunguliwa, na tangu hapo hadi saa ya kurudi hakuna asemaye naye ila mtoto aliyetumwa kuuliza kama aona baridi. Vijana si wabaya. Kila mmoja amefuata moyo wake, na moyo umekwenda kwa wenzake. Kamati ya harusi huteua mtu wa magari, mtu wa vinywaji, mtu wa mapambo na mshereheshaji, na kila mmoja huulizwa hesabu yake. Mtu wa kukaa na wazee hatujapata kusikia ameteuliwa. Kamati itakapokutana tena, nafasi hiyo na iandikwe katika daftari pamoja na zile nyingine, jina la kijana likiwa mbele yake. Na aelezwe mapema kwamba haruhusiwi kumchagua nyanya mmoja mcheshi na kuwaacha wengine.