Kabla Hujanunua Garimoshi la Pili

Mjukuu wangu,

Jumapili ulipokuja Changamwe, hapa Mombasa, ulinionyesha kwenye simu garimoshi dogo la Kijerumani, jeusi, lenye magurudumu mekundu, ukaniambia umeanza kudunduliza ulinunue. Tayari unalo moja la Kiingereza, lile la kijani alilokuletea mjomba wako. Nilikujibu kwamba ni zuri, kisha nikanyamaza, maana mamako alikuwa ameshapakua na maneno niliyokuwa nayo yangepoza wali. Nimeona afadhali niyaandike, uyasome ukiwa umetulia, na wale wenzako wawili wa chuoni uwape nao wasome.

Jambo la kwanza, usione haya. Watakuwapo wa kukwambia kwamba mtu mzima hachezei vitreni. Rod Stewart, mwimbaji wa Uingereza, alijenga mji mzima wa treni ndogo kwa miaka 23, na alipokuwa kwenye ziara za kuimba alikodi chumba cha pili hotelini cha kufanyia kazi hiyo tu. Mji wenyewe aliuonyesha watu 2019, naye ana umri wa kuitwa babu. Mimi niliingia karakana ya reli Nairobi mwaka 1970, kijana wa miaka 18. Mikono hii imekaza nati zilizo kubwa kuliko ngumi yako, lakini sijapata kazi iliyonidai utulivu kama kubandika kishikio cha mlango kilicho kifupi kuliko punje ya mchele. Ukishika pumzi, mkono unatetemeka. Ukipumua, kishikio kinaruka. Anayekucheka hajajaribu.

Sasa nije kwenye hilo garimoshi la Kijerumani.

Nilipostaafu nilifanya kosa ambalo naona nawe unaliendea. Nilikuwa na reli za duara za kawaida na transfoma yake. Nikakutana na mtu anauza garimoshi kuukuu la Kijerumani, zito, limetunzwa vizuri, nikalipa bila kuuliza. Nilipoliweka kwenye reli, transfoma ilinguruma mara moja, chumba kikajaa harufu ya waya ulioungua, ikawa ndio mwisho wake. Aliyeniuzia hakuwa na kosa. Kuna aina ya treni ndogo ambazo umeme wake huchotwa katikati ya njia, kwa mguu mdogo ulio chini ya tumbo la injini, na magurudumu yake ya kushoto na kulia ni chuma kilichoungana. Reli zangu zilikuwa za aina ya pili: umeme unaingia kwa reli ya kushoto na kutokea kwa reli ya kulia, na magurudumu lazima yatenganishwe kwa plastiki. Niliweka chuma kilichounganisha pande mbili zisizotakiwa kugusana. Fundi wa miaka mingi, nikaunguza transfoma yangu kwa haraka ya kutaka kuona kitu kinazunguka.

Ukubwa nao una mtego wake, na huu hauunguzi kitu, kwa hiyo mtu hukaa nao miaka asijue. Hilo la kijani ni la uwiano wa 1 kwa 76, mtindo wa Waingereza. Unalolitamani ni 1 kwa 87, mtindo wa bara Ulaya na Marekani. Yote mawili hupita juu ya reli zenye upana wa milimita 16.5, kwa hiyo utadhani ni ndugu. Magarimoshi ya Kiingereza ni membamba, na watengenezaji wa zamani walishindwa kutia mota ndani yake, wakakuza mwili wa garimoshi na kuiacha reli vilevile. Ukiyaweka sambamba utaona: mtu wa kimo cha mita 1.75 ni milimita 23 upande mmoja na milimita 20 upande wa pili. Dereva mmoja ni pandikizi la mtu, mwenzake kama kijana wa darasa la saba. Jicho linakataa hata kabla akili haijajua sababu.

Basi nasaha yangu ni hii: usikusanye magarimoshi, kusanya njia moja ya reli. Chagua njia, chagua mwaka, chagua stesheni, kisha ujiulize mwaka ule pale stesheni nini kilipita. Kilichopita ni chako, kitafute. Kisichopita, hata kiwe kizuri namna gani na bei yake iwe ya kutupwa, si chako. Kabati la mtu asiyechagua hujaa haraka na halimfundishi kitu. Nimeliona kabati la namna hiyo, vitu vya thamani tupu, na mwenyewe hakuweza kuniambia hata kimoja kilivuta nini, kilitoka wapi, kilikuwa kinakwenda wapi.

Wala sikwambii uchague ya kwetu kwa sababu ya uzalendo. Nakwambia kwa sababu nyingine. Njia za Ujerumani, Uingereza na Marekani zina viwanda vinavyozitengenezea modeli. Märklin wa Ujerumani wapo kazini tangu 1859. Ya kwetu hutaikuta dukani kama unavyozikuta hizo. Asipoipima mtu wa hapa na kuitengeneza kwa mkono wake, itabaki kwenye picha na kwenye vichwa vya wazee, na vichwa vyetu sisi unajua vinaelekea wapi.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Reli za dukani za milimita 16.5, ukizidisha mara 87, unapata milimita 1,435. Huo ndio upana wa reli ya SGR inayopita huku juu tangu 2017, na wa ile ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Kwa hiyo anayetaka treni za leo, reli anazo tayari. Lakini njia ya zamani ya Mombasa, ile iliyoanza kujengwa 1896 na kufika Kisumu 1901, ni ya mita moja kamili. Milimita 1,000 gawanya kwa 87 ni 11.5. Zipo reli ndogo za milimita 12 zinazouzwa kwa watu wanaotengeneza treni za milima ya Uswisi, ambazo nazo ni za mita moja, na hizo zinatufaa. Nusu milimita hakuna atakayeiona. Yule mwenzako wa Mbeya anayeipenda reli ya TAZARA ana bahati zaidi, kwa kuwa milimita 1,067 za njia yake zinaangukia 12 na robo.

Mimi nimechagua Mombasa hadi Nairobi, kabla Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika 1977. Na ukichagua hapo, huna namna ya kuzikwepa Garratt za daraja la 59, injini za mvuke.

Zilitengenezwa 34 na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, urefu wa zaidi ya mita 31, magurudumu 28, na 16 kati yake ndiyo ya kusukuma. Katika reli ya mita moja hakuna garimoshi la mvuke duniani lililowahi kuzizidi nguvu. Zilikuwa zinatoka hapa usawa wa bahari na tani 1,200 nyuma, zinapanda mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Siri yake ni ubunifu aliousajili Mwingereza Herbert Garratt mwaka 1907: seti moja ya magurudumu na pistoni mbele, nyingine nyuma, na boila limening'inizwa katikati kama mtu aliyelala kwenye machela. Chini ya boila hakuna gurudumu, kwa hiyo linaweza kunenepa litakavyo. La 59 lina kipenyo cha futi 7 na nusu, juu ya njia ya futi 3 na inchi kidogo. Ukisimama mbele yake unashangaa halianguki.

Rangi yake ni damu ya mzee. Usinunue nyekundu ya dukani. Nyekundu ya dukani ni ya pikipiki. Changanya mwenyewe na uiache iwe imepauka kidogo kuliko unavyodhani inafaa, maana kitu kidogo kikipakwa rangi halisi huonekana cheusi; hilo utalijua kwa kuharibu vipande vitatu vinne vya bati. Na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki kwenye kibao cha shaba.

Bomba la moshi ndilo litakalokueleza kwa nini nasisitiza mwaka. Zilipotoka kiwandani zilikuwa na bomba la mviringo. Baadaye zikawekewa bomba jembamba, bapa, refu kwenda nyuma, ubunifu wa Giesl wa Austria, ili zivute moshi vizuri na kuokoa mafuta. Ukitengeneza 59 yenye bomba bapa ukaiweka kwenye stesheni ya 1956, mzee yeyote wa reli atakayepita atasimama. Atakusifu kwa adabu, lakini macho yake yatabaki pale kwenye bomba.

Boila langu nimelipata kwa muuza mabomba. Futi 7 na nusu kwa 87 ni milimita 26 na ushei. Bomba la maji la plastiki la milimita 25 ukilizungushia karatasi ya manila mara mbili, ukaibana kwa gundi, unafika palepale. Vishikio vya pembeni nimetumia waya wa shaba wa ndani ya kebo ya simu, nikiuvuta kwanza kwa koleo mbili mpaka unyooke wenyewe. Ribiti nazitoa kwenye mkebe wa soda: kata bati lake, lilaze juu ya gazeti lililokunjwa, kisha ubonyeze kwa ncha ya biki iliyokwisha wino, kidoto baada ya kidoto, ukifuata rula. Geuza upande wa pili. Mara ya kwanza nilipogeuza na kuona mstari wa vichwa vya ribiti umesimama sawasawa, nilimwita nyanyako aje aone, akaacha chapati zake akaja.

Lakini wewe usianze na Garratt. Anza na tangi la maji la stesheni, kisha behewa moja la mizigo, kisha kipande cha njia cha urefu wa mkono wako chenye mataruma ya chuma kama yalivyokuwa. Umalize. Kimoja kilichokwisha, kimepakwa rangi, kimewekwa mahali, kinafundisha kuliko kumi vilivyoanzwa. Udongo tumia wa njia yenyewe, wa Voi, uuchekeche kwa chujio la chai mara mbili, na upitishe sumaku juu yake kabla ya kuumwaga. Mchanga wetu una chembe za chuma, na mota ya garimoshi dogo ina sumaku ndani. Chembe zikiingia humo mota imekufa.

Ukija kununua vya zamani, kagua vile vilivyosubuliwa kwa zinki kabla ya Vita vya Pili. Zinki iliyochafuka kwa risasi huvimba na kupasuka ndani kwa ndani miaka inavyokwenda. Ukiona ufa mwembamba au fremu iliyopinda bila sababu, rudisha kwa heshima, hakuna fundi wa kuiponya. Na ukiuziwa kibao cha shaba kilichotoka kwenye garimoshi la kweli, uliza kilitokaje. Jibu likisuasua, ondoka.

Kazi kubwa sasa ni kupima. Katika zile 34 zimebaki mbili, zote kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, hatua chache kutoka stesheni na karibu sana na unapokaa: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Gelai ni mlima wa karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upare. Milima ya Tanzania imeegeshwa Nairobi. Nyingine zilikatwa chuma chakavu. Kiwanda kilichoziunda kilifungwa 1966, ingawa nyaraka zake zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la sayansi na viwanda huko huko Manchester, na siku moja ningependa uwaandikie. Lakini mchoro hauonyeshi kilichobadilishwa na mafundi wetu baada ya injini kufika. Hicho kinaonekana kwa kuinama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chini ya Garratt utainama kwelikweli.

Piga picha pia, nyingi, za kila upande, na uziandikie tarehe. Alikuwapo Mmarekani, John Allen, wa Monterey, California, aliyetumia miaka yake kujenga njia ya reli ndogo iliyopendwa na wapenzi wa kazi hii kila mahali. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza karibu yote. Wanaojifunza kwake leo wanajifunza kwa picha alizopiga mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mpigapicha hodari. Katika nyumba zetu hizi za koroboi na majiko, hilo si jambo la mbali.

Jumamosi, basi, nenda makumbusho. Chukua tepu ya mita 5, daftari, penseli mbili, na tambara la kukalia. Omba ruhusa kwa wahusika kabla hujagusa kitu, waambie unapima kwa ajili ya nini; anayeulizwa kwa adabu huenda akakusaidia hata kushika ncha ya tepu. Nenda kwa Mount Shengena, upande wa kushoto, kwenye ngazi ya kupandia kibanda cha dereva. Miaka ile nilipanda ngazi za injini hizi kila siku na mikono imejaa spana, na sikuwahi hata mara moja kupima upana wa kidato. Sasa nimefika hapo kwenye modeli yangu na nimekwama wiki ya tatu. Nipimie upana, nafasi kati ya kidato na kidato, na unene wa bati. Kisha unitumie kwa simu, usiku wowote, niko macho.