Usimpime Mungu kwa Ndoo

Ndugu zangu wa Mwanza, nyinyi mnalijua giza. Kwa wengine giza ni hofu. Kwa mvuvi wa dagaa giza ni riziki. Mwezi ukishapotea, taa zinawaka ziwani usiku kucha, dagaa wanaufuata mwanga, na alfajiri ndoo zinahesabiwa. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawajali taa. Mitumbwi inavutwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na deni la dukani linakua.

Jumapili ya giza kanisa linajaa ushuhuda: Bwana ametenda! Jumapili ya mbalamwezi, mbona kimya? Bwana amehama? Tumezoea kumpima Mungu kwa ndoo, kama tunavyopimiana dagaa mwaloni, na hilo nalikataa kwa nguvu zangu zote!

Nilishuhudia kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe. Mama mmoja alikuwa ameanika dagaa mchangani tangu asubuhi, mtaji wote aliokopa kwenye kikoba. Saa nane mvua ikashuka bila kubisha hodi. Dagaa walioloa hivyo hawana bei. Wanaishia kuwa chakula cha kuku. Akapiga magoti, akazoa kwa viganja, mchanga na dagaa pamoja. Jirani yake, ambaye wa kwake nao walikuwa wanaloa, akaja akashika ncha ya pili ya turubai. Wakavuta pamoja, hawakusemezana neno. Ukiniuliza Mungu alikuwa wapi alasiri ile, nitakuonyesha ncha ile ya turubai.

Na yapo mazito kuliko mvua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama, ikiwa imekwisha kuikaribia Mwanza. Mamia hawakurudi. Waliookoka walimshukuru Mungu, na walifanya vema. Lakini aliyezika pale Igoma, au aliyekosa hata mwili wa kuzika, asiambiwe kwamba imani yake ilipungua. Usimhubirie. Kaa naye mkekani. Yesu mwenyewe, kabla ya kumfufua Lazaro, alilia kwanza.

Tena mwangalieni Petro. Alikesha ziwani akatoka mikono mitupu, asubuhi anaosha nyavu kwa uchungu. Yesu akaingia chomboni mwake. Lini? Kabla ya samaki hata mmoja! Chombo kikiwa kitupu, kinanuka uchovu wa usiku kucha, Bwana akakikalia akakifanya mimbari. Sisi tunaikimbilia ile habari ya nyavu kukatika kwa wingi wa samaki, tunairuka hii.

Basi wewe mama ambaye mtaji umelowa, wewe kijana wa bodaboda ambaye hesabu ya tajiri haijatimia wiki ya tatu sasa, Jumapili hii usikae nyuma ukijificha. Njoo mbele na utupu wako. Sema: sina kitu, na Bwana yumo chomboni. Nasi tutakuitikia amina kwa sauti ileile ya siku ya ndoo mia.