Hesabu ya Herufi na Elimu ya Ghaibu

Herufi za Kiarabu ziliingia Nyangwe, Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, katika karne ya 19, zikifuatana na misafara ya wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na Tabora. Popote herufi hizo zilipofika, hesabu ya abjadi haikuwa mbali: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea mpaka ghaini, ambayo ni 1000. Kwa hesabu hiyo, herufi za Bismillahir Rahmanir Rahim hufikia 786, na Waislamu wengi huandika tarakimu hizo juu ya barua ili jina la Mungu lisije likakanyagwa karatasi ikitupwa. Hilo halina ubaya, kwa kuwa ni kifupisho tu. Shida inaanza mpiga falaki anapojumlisha herufi za jina la mgonjwa na za jina la mama yake, akagawa kwa 12, kisha kinachobaki akakiita nyota ya mtu huyo, na kwa nyota hiyo akaamua ugonjwa umetoka wapi au ndoa ifungwe na nani. Swali ni la imani na la akili pia: je, herufi za jina zina habari ya mwenye jina? Hoja yangu ni kwamba hazina, na ushahidi umo ndani ya hesabu yenyewe.

Tutazame maandishi yetu. Kiarabu kina herufi 28, na sauti za Kiswahili kama g, ch, p na v hazina herufi zake humo, hivyo kila mwandishi hutafuta njia yake. Jina Nyangwe likiandikwa kwa nuni, ye, alifu, nuni, ghaini, wau na ye, jumla ni 1127, na ukigawa kwa 12 hubaki 11. Mwandishi mwingine akitumia kafu mahali pa ghaini, jumla inashuka hadi 147 na kinachobaki ni 3. Mji haukuhama, mto Lualaba upo palepale, lakini nyota imebadilika kwa sababu ya mazoea ya mkono wa mwandishi. Neno mali nalo, likiandikwa kwa mimu na lamu tu na irabu zikawekwa kama alama, ni 70. Likiongezewa alifu na ye, ni 81. Tena mila na lima hutoa jumla zilezile, kwa maana yameundwa kwa herufi zilezile. Hesabu isiyoweza kutenganisha mali na mila itatenganishaje mtu mwenye heri na mwenye nuksi?

Atajibu mtetezi wa falaki kwamba kasoro ni ya waandishi, na kwamba tukishika kanuni moja ya tahajia elimu itasimama. Lakini hata wenye elimu hiyo hawana kanuni moja. Kwa watu wa Mashariki shini ni 300, kwa watu wa Maghribi ni 1000. Sini ni 60 huku na 300 kule. Ataongeza kwamba, pamoja na hayo, majibu mara nyingi husadifu. Ni kweli husadifu, na sababu yake haina muujiza: herufi ni chache, maneno ni mengi. Mpe mwanafunzi wa Kiingereza herufi a, e, l, s na t, umwambie atafute maneno yenye herufi hizo zote, na bila taabu atakuletea least, slate, stale, steal na tales. Katika fungu moja la herufi kuna uchache, ubao, uchakavu, wizi na hadithi. Mwenye kutaka kumshuku jirani atachagua wizi, mwenye kutaka burudani atachagua hadithi. Maana imetoka kwa mchaguzi.

Pingamizi zito zaidi ni la Kurani yenyewe, kwani sura 29 zimefunguliwa kwa herufi peke yake, kama alif lam mim. Je, hiyo si dalili kwamba herufi zina siri? Huenda zina siri, lakini wafasiri wengi wamesema maana yake anaijua Mungu, wakaendelea na aya inayofuata. Hadithi ya Mtume inayotaja herufi hizo inaahidi thawabu kwa anayezisoma, na haimfundishi mtu kuzijumlisha ili ajue ya kesho. Kukiri kwamba Mungu ana siri ni unyenyekevu. Kudai kwamba siri hiyo hupatikana kwa kugawa kwa 12 ni kujitwalia elimu ya ghaibu, ambayo Kurani inasema ni ya Mungu peke yake.

Kukanusha falaki hakumaanishi kudharau herufi. Mwaka 1871 msafiri na mmisionari David Livingstone aliishi Nyangwe akiwa ameishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Kwa njia hiyo aliandika mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai, ambapo watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi wanawake na wachuuzi, na mamia wakafa. Habari hiyo ilichangia shinikizo lililomfanya Sultani Barghash akubali mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar tarehe 5 Juni 1873. Wino ule ulififia, na wataalamu waliosoma tena kurasa hizo kwa mianga maalumu na kuzichapisha mwaka 2011 walikuta kwamba daftari la Nyangwe na nakala aliyoiandika baadaye havilingani kila mahali. Kilichokuwa kimefichika kilipatikana kwa kusoma na kulinganisha.

Limebaki pingamizi la huruma: mgonjwa asiye na hospitali karibu anafarijika, kwa nini anyang'anywe faraja? Faraja ya dua haina mpinzani. Faraja ya falaki, hata hivyo, mara nyingi hulipiwa na mwingine: shangazi anayetajwa kuwa mchawi, au binti anayekataliwa kwa kuwa nyota hazipatani. Basi walimu wa madrasa wawafundishe watoto abjadi kama hesabu na historia, na wawaambie wazi kwamba jina la mtu halimhukumu.