Kumweleza Mwenye Kutaka Dawa: Je, ni Kumsaidia Katika Dhambi?

Tumepelekewa suala na ndugu zetu wa Meru, ambao wamelijadili na wenzao wa Embu bila ya kuafikiana. Kijana aliyezaliwa na kulelewa mwanamume, lakini tangu utotoni ajiona nafsini mwake kuwa ni mwanamke, ataka kuanza dawa za homoni za kike. Amemwendea jamaa yake mwenye ujuzi wa tiba kumwuliza zitamfanya nini. Je, yafaa ajibiwe, au kumjibu ni kusaidiana katika dhambi?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu wakasema kuwa hayo ni mambo ya bara. Miraa ya Meru hushuka kwetu kila siku wala hatujaiita mambo ya bara. Na vijana wa namna hii wako katika mitaa yetu, ila sisi tu mahodari zaidi wa kufunika.

Yapasa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni hukumu ya dawa yenyewe. Huntha, aliyezaliwa na maumbile yenye kutatiza, ana milango yake katika vitabu vya fikihi tangu zamani. Na Kenya, katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, iliwahesabu huntha mbali, wakawa 1,524. Huyu hana mgogoro mkubwa. Ama asiyekuwa huntha, Mufti wa Misri, Sheikh Tantawi, aliulizwa mwaka 1988 juu ya mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar aliyepasuliwa, akajibu kuwa tiba yajuzu kudhihirisha maumbile yaliyofichika, haijuzu kwa kutaka tu. Wanazuoni wengi wa Sunni wako hapo. Huko Iran, Khomeini aliruhusu katika miaka ya 1980. Na Imamu Nawawi, karne nyingi kabla yao, alimtenga mwanamume mwenye mwendo wa kike kwa maumbile yake, akasema huyo hana lawama, na yule ajitiaye kwa makusudi. Wale wetu wenye ulimi mwepesi wa kutukana wangeanza kwa kuisoma kauli hiyo.

Hatukukusudia leo kuyafungua hayo upya. Suala letu ni la pili: ukweli juu ya dawa, ni haki ya nani?

Natuutazame ukweli wenyewe. Dawa hizi aghlabu ni mbili: estrojeni, yaani homoni ya kike, na nyingine ya kuzuia testosteroni, kama spironolaktoni, ambayo asili yake ni dawa ya presha na ya kupunguza maji mwilini. Katika miezi mitatu ya mwanzo hupungua matamanio na nguvu za kiume. Baina ya mwezi wa tatu na wa sita ngozi hulainika, matiti huanza kuota yakiwa na maumivu, misuli hupungua, na mafuta ya mwili huhamia nyongani. Ukuaji wa matiti huchukua miaka miwili au mitatu, na mafuta hata mitano. Kuzidisha vidonge hakuharakishi kitu. Sauti haibadiliki. Urefu na mifupa ya uso haibadiliki. Ndevu hupunguza kasi wala haziondoki. Wako wanaosema kuwa nyoyo zao hutulia, na wako wanaokuwa wepesi wa kulia. Akiziacha, mengi hurudi, lakini matiti hubaki.

Na uzazi huenda usirudi kabisa. Kuhifadhi kizazi ni katika makusudio makubwa ya sharia, na kijana wa miaka ishirini asiyeambiwa hilo kabla ya kidonge cha kwanza amenyimwa haki isiyolipika. Ni nani atakayejibu mbele ya Mola kwa kunyamaza huko?

Kisha iko hatari ya roho. Estrojeni huweza kuigandisha damu mguuni, bonge likapanda mapafuni, au kikatokea kiharusi; na mvutaji sigara yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Spironolaktoni huweza kuzidisha potasiamu katika damu hata mapigo ya moyo yakaharibika. Kwa hivyo madaktari hupima damu kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Lakini madaktari mabingwa wa homoni wengi wako Nairobi, nayo ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru; na aliyekosa nauli, na kuogopa kuonekana, hununua dukani vidonge vya wanawake vya kuzuia mimba, akala vitatu au vinne kwa siku. Estrojeni iliyomo katika vingi vya vidonge hivyo ni ya aina yenye kugandisha damu zaidi.

Wenye kukataza kumjibu wadhani wanamzuia na dawa. Hawamzuii na dawa. Wamemzuia na daktari. Wamkumbuke yule sahaba aliyejeruhiwa kichwa safarini, akapatwa na janaba, wenzake wakamwambia hana ruhusa ila kuoga, akaoga akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliposikia aliwakasirikia akasema kuwa wamemwua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale walidhani kuwa wanaihifadhi dini.

Kwa hivyo jawabu letu kwa ndugu wa Meru na Embu ni kuwa huyo jamaa ajibu, tena ajibu yote, ya kumpendeza kijana na ya kumchukiza. Akiwa na nasaha ya dini, aitoe baada ya hapo, kwa upole, wala asiifanye kuwa bei ya jawabu. Na mzazi asimfukuze, kwani anayelala nje hapimwi damu na mtu.

Na kama tayari ameanza, siku atakayovimba mguu mmoja, au kuchomwa kifuani, au kupungukiwa na pumzi, apelekwe usiku huohuo hospitali kubwa ya Meru au ya Embu, na daktari aambiwe jina la dawa. Mgonjwa akiona haya kulitaja, alitaje aliyefuatana naye.