Kabla ya kudai kusamehewa bima

 

Ndugu msomaji, tangu Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara nikimaliza darsa. Kijana mmoja aliliweka hivi: "Ustaadh, bima ina riba na gharar. Mbona Marekani wapo waliosamehewa kwa ajili ya dini yao? Kwa nini na sisi Waislamu tusidai?"

Swali hili si la kubeza. Lakini tuwatazame vizuri hao waliosamehewa.

Sheria ya afya aliyoisaini Rais Obama Machi 2010 iliwataka Wamarekani wawe na bima au walipe faini, faini ambayo iliondolewa kuanzia mwaka 2019. Wakati huo zilizagaa barua pepe zikidai kuwa Waislamu wamesamehewa. Haikuwa kweli. Miongoni mwa waliosamehewa ni Waamishi, Wakristo wanaojulikana kwa kilimo na kwa kusafiri kwa magari ya farasi. Na hawakupewa bure. Mwaka 1961 maofisa wa kodi walimnyang'anya mkulima wao mmoja wa Pennsylvania, Valentine Byler, farasi watatu kwa kuwa alikataa kulipa kodi ya hifadhi ya jamii. Mwaka 1965 ndipo sheria ilipowasamehe kodi hiyo, na masharti yale yale ndiyo yaliyotumika katika sheria ya 2010.

Masharti yenyewe ni haya: dhehebu liwe limekuwapo tangu Desemba 31, 1950, imani yake ipinge kupokea mafao ya bima, na, hapa ndipo penye mazingatio, liwe na desturi ya kuwatunza lenyewe watu wake wasiojiweza. Yaani serikali iliwauliza: mkitoka humu, mgonjwa wenu atatibiwa na nani? Wakawa na jibu.

Sasa tujiulize sisi. Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah Desemba 1985 lilisema bima ya kibiashara ina gharar kubwa na ni haramu. Lakini watu huishia hapo. Baraza hilo hilo lilisema mbadala wake ni bima ya ushirikiano, iliyojengwa juu ya kujitolea na kusaidiana. Sudan walikwishaianzisha tangu 1979. Na wanazuoni wengi wa zama hizi wanauona mfuko wa umma, usiotafuta faida, kuwa uko karibu zaidi na kusaidiana kuliko biashara.

Ndugu zangu, katika msikiti ninaoswali kuna kabati. Ndani yake mna sanda, pamba, karafuu maiti na ubani. Halijawahi kuwa tupu. Mzee mmoja wa safu ya mbele alihitaji kupasuliwa. Tulipitisha ndoo Ijumaa tatu, fedha hazikufika nusu. Akafariki siku ya Jumatano. Kabla ya Magharibi, gharama zote za mazishi zilikuwa zimepatikana na nyingine zikabaki. Mimi mwenyewe nilitoa shilingi elfu mbili kwa mgonjwa na elfu kumi kwa maiti. Namuomba Allah anisamehe.

Kwa hali hiyo, tukienda serikalini kudai tusamehewe, tutaonyesha nini? Kabati la sanda?

Mtume (SAW) aliwasifu Al-Ash'ariyyuna. Chakula kilipowapungukia safarini au mjini Madina, walikusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Akasema kuwa wao ni katika yeye, na yeye ni katika wao. Hawakungoja mtu afe ndipo waitandaze ile nguo.

Rai yangu ni hii. Tudai kwa sauti moja takaful inayosimamiwa na wanazuoni ipewe nafasi kamili katika mpango huu. Hiyo ni haki yetu. Lakini Ijumaa hii hii, kila msikiti uanzishe mfuko wa wagonjwa, wenye daftari na mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya waumini. Na hadi hapo tutakapofika, asije mzazi akamnyima mwanawe matibabu kwa hoja ya gharar hali hana mfuko mwingine wa kumtibia. Kulinda nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu.

Yule kijana nilimjibu kwa kumpa daftari tupu. Jina la kwanza ndani yake ni langu, na kiwango nilichoandika ni elfu kumi kila mwezi.