Mbwa Wako Hatubu, Anaogopa

Umerudi nyumbani, kiatu kimetafunwa. Mbwa yuko pembeni, kainamisha kichwa, masikio kayalaza nyuma, mkia kaufyata, anakutazama kwa kuibia. Wengi wetu tutasema: "Unaona? Anajua alichofanya!" Kisha fimbo inafuata.

Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio lililoipima hukumu hiyo. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa amekula au la, na mara nyingine aliambiwa uongo. Aliyeambiwa "amekula" alimkaripia mbwa wake. Ile sura tunayoiita ya hatia ilitokea zaidi kwa mbwa waliokaripiwa, wawe wamekula au hawakugusa kitu, na waliokaripiwa bila kosa ndio walioionyesha zaidi. Mbwa alikuwa akiijibu sauti na uso wa bwana wake.

Jambo hili linaniuma, kwa kuwa mbwa wengi mitaani kwetu kutwa wamefungwa mnyororo, usiku wanafunguliwa walinde geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali", na neno wanalolisikia kuliko yote ni "toka!" Hofu yao tunaiita ukaidi, tunaongeza kipigo, nayo inazidi.

Jirani yangu ana mbwa mpole, wa rangi ya kahawia. Mtoto wa nyumba akimkumbatia shingoni, mbwa hugeuza uso upande, hulamba pua haraka haraka, hupiga miayo na wala hana usingizi. Ukimtazama vizuri utaona weupe wa jicho pembeni, na mwili umekakamaa. Watu wanacheka, wanapiga picha. Mimi humwambia mama mtu, "Dada, mtoe mtoto kwanza." Mbwa yule ameshaomba nafasi mara tatu kwa adabu. Hata mkia unaotikisika si furaha siku zote: ukiwa juu, umekakamaa, unatikisika kidogo kwa kasi, usimsogelee.

Asiposikilizwa, atanguruma. Hapo ndipo tunapokosea vibaya, maana tunampiga kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyefunzwa kwa fimbo kunyamaza anaweza siku moja kung'ata bila kutoa sauti. Na kung'atwa si jambo dogo: karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa huanzia kwenye meno ya mbwa, na watoto ni sehemu kubwa ya waathirika.

Basi mzazi, mfundishe mwanao asimguse mbwa anayekula, anayelala au aliyefungwa, na amwache anayegeuza uso. Mbwa apate chanjo yake ya kichaa kila mwaka. Na akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.