Aibu ya Nyumbani Mbele ya Wageni

Mtu akiwa ugenini, jina la kwao likitajwa, masikio yake husimama. Likitajwa kwa sifa, hufurahi kana kwamba sifa ni yake; likitajwa kwa aibu, huinamisha kichwa. Afanyeje basi mtu huyo akiketi katika jumba la michezo la mji wa kigeni, pazia likafunguliwa, akaona ugomvi wa dini wa nchi yake ukiigizwa mbele ya watu wasiomjua? Swali hili si la wapenda michezo peke yao. Lamhusu kila mwenye nyumba, maana hakuna nyumba isiyo na jambo ambalo isingependa jirani alione.

Tutwae mfano wa kweli. Katika mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, alizaliwa mwaka 1916 mtu mmoja jina lake Sam Thompson, wa ukoo wa Kiprotestanti. Alifanya kazi ya kupaka rangi katika kiwanda cha Harland and Wolff, kile kilichounda meli ya Titanic. Mji huo ulikuwa na kumbukumbu chungu: mwezi wa Julai mwaka 1920, Wakatoliki kwa maelfu walifukuzwa kwa nguvu katika viwanda vya meli, pamoja na Waprotestanti waliodhaniwa kuwa upande wao. Thompson aliyajua mambo hayo, akaandika mchezo uitwao Over the Bridge, yaani Ng'ambo ya Daraja. Ndani yake kundi la wafanyakazi wenye hasira lataka Mkatoliki mmoja, Peter O'Boyle, aiache kazi yake. Mwenyewe akataa. Naye Davy Mitchell, Mprotestanti mzee wa chama cha wafanyakazi, asimama kando yake na kuendelea na kazi. Na kwa sababu hiyo auawa na watu wa dini yake mwenyewe.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini Thompson hakutunzwa. Mwaka 1959 jumba la Ulster Group Theatre lilikuwa tayari limeupokea mchezo wake, kisha wakuu wake wakataka sehemu fulani zifutwe, wakihofia kuwaudhi watu katika mambo ya dini na siasa. Mwandishi hakukubali, na mchezo ukaondolewa. Mwezi wa Januari 1960 uliigizwa katika jumba jingine la mji uleule, na kwa muda wa majuma sita watazamaji wapatao 42,000 wakauona. Mwaka huohuo ukavuka bahari mpaka London.

Sasa tumfikirie mtu wa Belfast aliyeketi London usiku ule. Kama alikuwa Mprotestanti, huenda alijisemea kwamba mwandishi amewasaliti watu wake, akitandaza nguo chafu za nyumbani mbele ya Waingereza. Hofu hiyo twaifahamu, wala hatuicheki. Mgeni aonaye ugomvi wetu kwa saa mbili haoni ndoa zetu, misiba tuliyozikana pamoja, wala unga tulioazimana. Aweza kwenda zake akidhani kwamba sisi si kitu ila ugomvi. Hata hivyo, mficha uchi hazai. Thompson alifariki mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 48. Miaka michache baadaye, machafuko yalianza katika nchi yake, yakaendelea hata mapatano ya mwaka 1998, na watu zaidi ya 3,500 wakafa. Hatusemi kwamba mchezo mmoja ungaliyazuia. Twasema tu kwamba kunyamaza hakukuyazuia.

Lakini kama mtazamaji yule alikuwa Mkatoliki, hatari yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa ilikuwa tamu. Mbele yake watu wa upande wa pili walionyeshwa wakiua, naye angaliweza kurudi chumbani kwake akiwa na mikono safi na moyo ulioridhika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mtu huyo angalisahau jambo moja: maneno yale yalikuwa na nguvu kwa sababu aliyeyasema alikuwa Mprotestanti akiwaambia Waprotestanti wenzake. Ungamo la jirani haliwezi kuwa maondoleo ya dhambi zetu.

Na sisi je? Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, kule Mbagala, Dar es Salaam, mabishano ya watoto wawili yaliishia katika Msahafu kunajisiwa, na makanisa kushambuliwa na kuchomwa moto. Tuisikilize jinsi tunavyoisimulia habari hiyo. Sisi twaanza na makanisa. Jirani yetu Mwislamu aanza na Msahafu. Kila mmoja asema kweli, na kila mmoja ameikata kweli hiyo mahali panapompendeza. Kama siku moja habari hiyo ingeigizwa katika mji wa mbali, nasi tukawamo miongoni mwa watazamaji, bila shaka tungehesabu: wao wameonyeshwa vibaya mara ngapi, na sisi mara ngapi?

Basi twaona kwamba neno la haki kwa mtazamaji aliye ugenini ni hili: asiketi kama wakili wa upande wake, bali kama mtu aliyeitwa kujibu. Ajiulize alisema nini mezani watoto wakisikia, alimnyima nani chumba cha kupanga, alimpita nani alipokuwa akitafuta mtu wa kumpa kazi, na yote kwa ajili ya jina la ubatizo au la Kiislamu. Kisha jibu lake alichukue arudi nalo nyumbani, maana wageni hawawezi kulifanyia lolote.

Katika Misa twapiga kifua. Hatupigi kifua cha jirani. Davy Mitchell hakutoa hotuba ndefu juu ya upendano wa dini. Alisimama mahali pa kazi, kando ya mwenzake, siku ambayo kila mtu alimwonya asisimame hapo. Mahali pa namna hiyo pako katika kila mtaa wetu, nasi tutajulikana kwa kuwapo au kutokuwapo kwetu hapo.